Mnyama Gani, Afande?

Luteni aliizunguka ile pikapu mara ya pili, akalipiga teke tairi la nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe asiyekusudia kumlipia, kisha akauliza swali ambalo soko zima la Tororo lilijifanya halikulisikia.

"Gari hii inafaa kuwinda?"

Kulusumu alikuwa amekaa kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje, anatafuna karanga. Mumewe Sulaiman, Mungu amrehemu, alimwachia vitu viwili vya maana duniani: binti yao Fauziya, na pikapu ya Kijapani, ndogo hata watu wakaibatiza Kibiriti. Fauziya alikuwa anasoma kwa bibi yake Busia, upande wa Kenya. Kibiriti kilikuwa hapa Tororo, kinapigwa mateke.

"Kuwinda, afande? Hii inabeba chumvi na sabuni. Siku ikijitahidi sana inabeba mama mjamzito kwenda hospitali, na akiwa mnene tunaanza na dua."

"Nimeuliza inafaa ama haifai."

Mangeni, tanboi wake wa kupakia na kushusha mizigo, alichungulia kutoka nyuma alikokuwa akifunga magunia. Alikuwa Msamia mrefu mwenye uso wa huzuni, na uso huo ndio uliomwezesha kudanganya kwa raha.

"Haifai, afande. Tumbo iko chini, kila kichuguu inamsalimia. Nyuma ukilaza mbuzi wawili, wa tatu anatembea na miguu. Na ikiona nyati, afande, haki ya mama, inarudi nyumbani yenyewe."

Uongo mtupu. Kibiriti kilipita penye njia ya ng'ombe mmoja, penye tope la kijiji cha Molo ambalo malori yalilizunguka kwa heshima. Petroli kilikunywa kama bi harusi anavyokunywa chai mbele ya mama mkwe. Sokoni kilifaa, msibani kilifaa, na kama ungetaka kweli kufuata paa porini, kingekupeleka na kukurudisha na paa wako. Kulusumu alilijua hilo. Bahati mbaya, Luteni naye alilijua.

"Mimi naipenda," alisema. "Jumamosi asubuhi tunakwenda nayo Nabuyoga. Wewe mama utaendesha mwenyewe. Na ile honi unapigaga ukifika kule, upige vilevile. Watu watoke."

Kulusumu aliacha kutafuna.

"Mnyama gani, afande?"

"Nini?"

"Huyo tunayekwenda kumwinda. Nijue nichukue kamba ya namna gani."

Luteni alivua miwani yake nyeusi, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena. "Utamwona," alisema, akaenda zake.

Mwaka ule wa sabini na saba, jeshi likiwa ndilo serikali, neno kuwinda lilikuwa limevaa sare. Wanyama wa Tororo waliliwa zamani. Aliyebaki kuwindwa alikuwa na miguu miwili na jina la ubatizo. Na kijijini Nabuyoga kulikuwa na vijana waliochoka kuiuzia serikali pamba kwa ahadi, wakaing'oa, wakapanda wimbi, nafaka ya kujilia wenyewe. Wanajeshi walikuwa wameshakwenda kuwachukua kwa Landrova, tena si mara moja, wakakuta kuku na vyungu vya moto jikoni. Landrova ya jeshi ilisikika tangu Molo. Hata watoto wachanga walijua kunyamaza.

Lakini Kibiriti? Kibiriti kikipiga honi mbili pale kwenye njia panda, Nabuyoga nzima ilitoka mbio, maana kilikuja na chumvi. Wazee walisahau fimbo zao. Wale vijana wa wimbi ndio waliotangulia, wasaidie kushusha magunia. Ndiyo maana gari lilimfaa Luteni. Halikumfaa kwa injini wala kwa matairi. Lilimfaa kwa sababu lilipendwa.

"Tutie mchanga kwenye injini," Mangeni alisema walipofika nyumbani. "Jumamosi aje akute mgonjwa."

"Niue gari langu kwa ajili yake? Akanywe sumu yeye."

"Basi twende zetu Busia leo, Mama Fauziya. Tuvuke."

"Tukivuka leo atapata gari lingine linalojulikana kule, la huyu au la yule, na watu watatoka kama kawaida."

"Basi tuwaambie wajifiche."

"Wakijificha, nani amewaambia? Dereva. Atanifunga nyuma ya gari langu mwenyewe, tena kwa kamba yangu."

Mangeni alikuna kichwa. Kila mlango aliougonga ulikuwa na askari nyuma yake. Kulusumu naye akaanza kucheka peke yake, jambo lililomtia tanboi wake wasiwasi kuliko jeshi lote.

"Mangeni. Yule mtu alisema nini? Neno lenyewe."

"Alisema kuwinda."

"Mbele ya soko zima?"

"Mbele ya soko zima."

"Basi mimi ni mwanamke mtiifu. Nimesikia kuwinda. Washa gari."

Huko Nabuyoga walimkuta Matayo anampaka mbwa wake mafuta kwenye jeraha la sikio. Matayo ndiye aliyeshika pembe ya uwindaji ya kijiji, kazi aliyoirithi pamoja na mapengo ya mbele, na hakuna mtu kule aliyekuwa na mbwa wengi au matusi mengi kumshinda. Kulusumu alimweleza yote, na mwisho akasema: "Nimekuja kukupa habari, mzee wangu. Jumamosi asubuhi Luteni anakuja kuwinda huku kwenu. Amesema mwenyewe. Kuwinda."

Matayo alimtazama. Kisha yale mapengo yakaonekana yote.

"Na huko kambini kwao hawakumfundisha adabu ya kuwinda?"

"Nadhani hawakufika somo hilo."

Kwa sababu kule, anayewinda kimya kimya si mwindaji. Ni mwizi au mchawi, na hujui afadhali yupi. Uwindaji hutangazwa. Pembe ikishalia, mwenye mbwa huja na mbwa, mwenye wavu huja na wavu, mwenye mdomo mtupu huja na mdomo wake, na hakuna wa kumrudisha mwenzake nyumbani.

"Pembe italia," Matayo alisema. "Ila wale watoto wa wimbi watakuwa na mafua siku hiyo. Nitawapeleka Merikit kwa shangazi yao, wakafukizwe."

Jumamosi Luteni alikuja na askari wawili. Aliwalaza nyuma, bunduki ubavuni, akawafunika turubai la chumvi, kisha akaketi mbele kati ya Kulusumu na Mangeni, amevaa shati la kiraia lenye maua. Shati lenyewe lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Njia nzima magoti yake yaligonga dashibodi, na Kulusumu hakulikosa shimo hata moja.

"Polepole!" Luteni alisema.

"Samahani, afande. Gari dogo."

Walipofika kwenye njia panda kulikuwa kimya. Mtu hakuonekana, wala kuku. Kulusumu aliitazama njia ya kijijini. Itakuwaje kama Matayo ameogopa? Itakuwaje kama kijana mmoja, mmoja tu, amekataa kwenda Merikit, akabaki, na sasa anajitokeza kuchukua chumvi ya mama yake?

"Piga," Luteni alisema.

Akapiga. Honi mbili.

Kwanza ilijibu pembe. Halafu shamba lenyewe la wimbi lilifunguka na Nabuyoga ikatoka: wanaume na mikuki, wanaume na nyavu mabegani, vibabu na marungu, wanawake na vikapu vya nyama huku wakipiga vigelegele kana kwamba paa ameshachinjwa. Na mbwa! Mbwa wa manjano, mbwa wa madoa, mbwa wenye masikio na wengine ambao walishayaacha kwenye vita. Walisikia turubai linasogea, wakadhani, kwa akili yao ya mbwa, ndani mna windo. Wakarukia juu.

Turubai lilipiga kelele. Turubai likainuka, likaanguka, likatukana kwa lugha mbili, na mwisho likawazaa askari wawili wazima, mmoja bila kofia.

"Yesu na Maria!" Matayo alisema, ameshika mkuki wake kwa upole. "Wawindaji wenzetu! Mbona mlijifunika? Mnamwogopa sungura?"

Kijiji kilicheka. Luteni alishuka, mkono kiunoni penye bastola chini ya yale maua. Alitazama mikuki. Alihesabu, ungemwona midomo ikicheza, kisha akaacha kuhesabu.

"Nani amewaita?"

"Wewe, afande," Kulusumu alijibu kutoka kwenye usukani, sauti laini kama mandazi ya asubuhi. "Uliniambia nipige honi watu watoke. Wametoka."

"Nilisema..."

"Kuwinda. Soko zima lilisikia. Sasa wazee hawa wanauliza kama nilivyouliza mimi. Mnyama gani, afande?"

Luteni angeweza kusema. Bunduki zilikuwepo. Lakini alikuwa na askari wawili, mmoja anatafuta kofia, na ili ajibu kweli ingembidi aseme, mchana kweupe, mbele ya mama zao: nimekuja kuwinda watoto wenu. Kuna maneno ambayo hata mtu wa namna ile huyasema usiku tu, tena kwa mtu mmoja mmoja.

"Paa," alisema Luteni.

"Paa!" Matayo alipaza sauti. "Mgeni anataka paa! Mpelekeni kinamasini!"

Wakampeleka. Kulusumu alibaki barabarani na gari, akisikia pembe na mbwa vikienda mbali na kurudi, na mara kwa mara sauti ya Matayo ikimshangilia afisa wa serikali kama anavyoshangiliwa mbwa mchanga: "Ingia! Ingia tu, si refu!" Waliporudi, jua lilikuwa kichwani. Yale maua ya shati yalikuwa yamemwagiliwa mpaka kolani, kiatu kimoja kilibaki kinamasini, na windo la kijiji chote lilikuwa sungura mmoja aliyekufa, ninavyodhani, kwa mshangao. Wakamgawa kwa haki. Mgeni alipewa kichwa, kimefungwa kwenye jani la mgomba, naye ikabidi akipokee kwa mikono miwili.

Kulusumu alisimamisha gari nje ya kambi ya Tororo. Askari wakashuka nyuma wakijikuna viroboto. Luteni alibaki ameshika mlango.

"Gari hii haifai kuwinda," alisema.

Mangeni alimkanyaga Kulusumu mguu. Sema ndiyo, ule mguu ulisema. Sema ndiyo, afande, twende nyumbani. Na Kulusumu angeweza. Neno moja tu, na pengine Luteni angelichukua hilo neno akafuta nalo aibu yake, yakaisha.

"Inafaa, afande," alisema. "Sokoni inafaa, hospitali inafaa, hata porini umeona mwenyewe, haikukwama. Ila wewe hufai kuipanda."

Mlinzi wa getini alipatwa na kikohozi, akageukia ukuta.

Luteni aliinama dirishani, taratibu. "Jumatatu asubuhi gari iko hapa. Funguo kwa mkono yangu. Hakuna honi, hakuna mbwa. Na usijaribu ujanja, mama. Nyumba yako naijua. Mlango wa kijani, nyuma ya msikiti."

"Ndiyo hiyo hiyo," Kulusumu alisema, akatia gia.

Penye njia ya kwenda nyumbani hakukata kona. Gari lingine Nabuyoga sasa wangelishuku; Kibiriti bado wangekikimbilia. Mangeni aliutazama msikiti ukipita dirishani, halafu maduka ya mwisho, halafu barabara ya Busia ikanyooka mbele yao, kisha wakaiacha lami kabla ya kufika mpakani, wakaingia kwenye njia ya panya kati ya mashamba ya mtama, nyembamba hata masuke yalipiga vioo vya pande zote mbili. Mangeni aliijua njia ile. Mpaka ulikuwa umewapasua Wasamia kama muhogo: kaka upande huu, kaburi la babu upande ule.

"Mama Fauziya," alisema. "Na nyumba?"

"Nyumba ina nini?"

"Ataichukua! Vitanda, masufuria, ile kabati ya marehemu. Leo hii hii, akijua hatukurudi."

Kulusumu alishusha gia, akakiteremsha Kibiriti kwenye kijito, akakipandisha ng'ambo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Mikono ilikuwa na kazi.

"Achukue," alisema. "Nyumba haina magurudumu. Hawezi kumfuata nayo mtoto wa mtu Nabuyoga."