Moja Nukta Nane

Nakhumicha alisuuza ncha ya kalamu kwa maji safi, akaikung'uta, kisha akaichovya kwenye kikombe cha plastiki alichokuwa amekinga chini ya mpira wa mwisho wa mstari wa kumi na mbili. Akasubiri. Namba ziliruka kidogo, moja nukta sita, moja nukta tisa, kisha zikatulia. Moja nukta nane. Akaandika daftarini, akaweka sahihi, ndipo akainua macho kuyatazama maua. Majani ya waridi yalikuwa yameungua kingo kama chapati iliyosahauliwa jikoni, na mashina yaliyopaswa kufika kiunoni yalikuwa yamegota magotini.

Kalamu hiyo haikuwa ya kuandikia. Wafanyakazi waliiita hivyo kwa umbo lake tu. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya maji ya mbolea. Katika shamba lile nje kidogo ya Kitengela, waridi halikupandwa udongoni. Lilisimama kwenye ndoo za mawe mepesi, na chakula chake chote kililetwa na maji kupitia mpira mwembamba. Maji yakiwa mepesi, ua linashinda njaa. Yakiwa makali, linaungua. Mzungu mmoja mtaalamu alikuja kwa siku mbili, akasema moja nukta nane, akapanda ndege akaenda zake, na tangu hapo namba hiyo ikawa amri ya kumi na moja.

Sasa ilikuwa Januari ya mwaka elfu mbili na moja, wiki tano kabla ya siku ya wapendanao, na hapakuwa na ua la kumpelekea mpendwa yeyote huko Ulaya. Wanawake sitini wa kukata maua walikuwa wamerudishwa nyumbani tayari. Waliobaki walijua nani wa kulaumiwa. Nani mwingine hupima maji? Sahihi ya nani imo daftarini, asubuhi na mchana, miaka miwili mfululizo? Nakhumicha akifika bombani, mazungumzo yalikatika. Saa ya chakula alikuwa akiketi nyuma ya nyumba ya pampu, juu ya kreti iliyopinduliwa, akila githeri peke yake na kusikiliza wenzake wakicheka upande wa pili wa ukuta. Upweke ulimuuma kuliko maneno. Maneno angeyajibu.

Mumewe alikuwa amekufa, na binti yake, Shirleen, alikuwa Kimilili kwa bibi yake, akisoma kwa mshahara wa kazi hii. Chumba alicholala kilikuwa cha shamba. Ukifutwa, unaondoka na godoro lako.

Lakini Nakhumicha alijua jambo ambalo kalamu haikulijua. Alipokuwa mdogo, nyanyake alikuwa akichoma mabua ya maharagwe, akayachuja majivu kwa maji na kupata munyu wa kupikia mboga. Munyu huo haukupimwa kwa kijiko. Mwanamke alitia tone moja kwenye ncha ya ulimi, akatulia kidogo, akatema, akasema: bado, au umefika, au ongeza maji. Nyanyake hakukosea hata mara moja, na alimfundisha mjukuu wake mpaka naye akaacha kukosea. Tabia ni ngozi. Siku ya kwanza aliyokabidhiwa kalamu, Nakhumicha aliisoma namba, kisha, hakuna aliyemwona, akaonja. Maji ya mbolea yalikuwa machungu na yaliacha ubaridi ulimini. Tangu siku hiyo alionja kila siku, akatema, akaandika.

Mwezi Novemba uchungu ulianza kupungua. Krismasi ilipofika haukuwepo tena. Kalamu ilisema moja nukta nane; ulimi ulisema mchuzi. Ilikuwa chumvi, chumvi tupu.

Dawa na mbolea zilichanganywa na Gakuru, msimamizi, katika chumba chenye kufuli ambacho ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake. Mara mbili Nakhumicha alimwuliza kama mbolea imebadilishwa. Mara ya kwanza Gakuru alicheka akamwambia asome namba, asisome chumba. Mara ya pili hakucheka.

Aliyemfungua macho ni Rachel, mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa langoni. Asubuhi moja, baada ya salamu za takwenya na iko, Rachel alilalamika kwamba maziwa ni kidogo kwa sababu ng'ombe wao hawalambi chumvi siku hizi. Mumewe, Koinet, alikuwa ameenda soko la Bisil mara tatu na kurudi mikono mitupu.

"Pickup ya hapa kwenu ndiyo inabeba chumvi ya ng'ombe yote," alisema Rachel. "Ile nyeupe iko na kioo imepasuka. Nyinyi mko na ng'ombe ngapi huko ndani?"

Ndani hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Pickup ile aliiendesha Gakuru. Nakhumicha alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, akaelewa mambo yote kwa mpigo: mbolea inatoka langoni kwenda kuuzwa, chumvi inaingia mahali pake, na kalamu, ambayo kazi yake ni kujua ukali na si kujua aina, inaitikia moja nukta nane kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako. Alifurahi. Ni vibaya kusema, maua yakifa namna ile, lakini alifurahi hadi akataka kukimbia, kwa kuwa sasa jina lake lingesafishwa.

Alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo saa nne. Bwana Otiende alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya kama yeye, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole. Nakhumicha hakupiga kelele wala hakumtaja mtu kwanza. Aliomba vikombe viwili. Cha kwanza alikijaza maji ya mbolea aliyotoka kukinga, akachovya kalamu, akamwonyesha namba. Cha pili alikijaza maji ya kunywa, akatia punje za chumvi aliyoomba kantini, akakoroga, akapima, akaongeza punje, akapima tena, hadi namba ikatulia palepale. Moja nukta nane.

Otiende aliinama juu ya vikombe vile kwa muda mrefu. Alikuwa amesomea kilimo Chuo Kikuu cha Egerton, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Wewe ulijuaje?" aliuliza.

"Nilionja, bosi."

Kisha akamweleza yote, chumvi ya Bisil, pickup, chumba cha kufuli. Otiende alisikiliza akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za msiba. Nakhumicha alipomaliza, Otiende akamwuliza ni nani mwingine ameonyeshwa vikombe hivyo. Nakhumicha akasema hakuna, ameanza na yeye. Alijibu kweli, na ukweli huo ndio uliomponza.

Otiende aliinuka akafunga mlango.

"Mama Shirleen, Gakuru ni shemeji ya mwenye shamba. Hiyo unajua. Na hao wanunuzi wa nje wakisikia tunapea maua chumvi ya ng'ombe, cheti ya kuuza nje inaenda. Hii shamba inafungwa. Watu mia nne. Unataka hiyo?"

"Mimi nataka tu watu wajue si mimi nimechoma maua."

"Najua si wewe," alisema Otiende.

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Machozi yalimlengalenga, akadhani amepona. Otiende akavuta mtoto wa meza, akatoa kitabu cha kanuni za usalama kilicholetwa na watu wa cheti, akafungua ukurasa, akaweka kidole. Ni marufuku mfanyakazi kutia kemikali yoyote kinywani. Akasema kwa upole uleule kwamba hapo mikono yake imefungwa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekiri, na kwamba ataandika barua nzuri isiyotaja maua kuungua. Chumba aache Jumamosi.

Nakhumicha alimtazama. Alitaka kusema kwamba ulimi wake ndio kitu pekee shambani mle ambacho hakikudanganya. Mwenye nguvu mpishe, husema watu, na husema hivyo kwa sababu wamekanyagwa. Alitia sahihi karatasi ya kuachishwa kazi. Sahihi yake walikuwa nayo ya kutosha, hii iliongeza moja tu.

Jioni hiyo, kabla ya king'ora cha kutoka kazini, aliambiwa amfundishe atakayeshika nafasi yake. Alikuwa Apondi, binti wa miaka ishirini hivi kutoka idara ya kufungasha, ambaye hakuwa amemsalimu tangu Krismasi. Gakuru aliwasindikiza hadi mstari wa kumi na mbili, akasimama hatua tatu nyuma yao, ufunguo ukimeremeta kifuani.

Nakhumicha alimwonyesha. Unasuuza. Unakung'uta. Unachovya. Unangoja itulie, usikimbilie namba ya kwanza. Apondi alifanya kama alivyoelekezwa, kwa makini, ulimi ukichungulia kidogo kati ya meno. Namba zikaruka, zikatulia.

Apondi aliitazama namba, kisha akayatazama majani, kisha namba tena. Hakuwa mjinga. Akasogea karibu, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa mfanyakazi mwenzake akamwita kwa heshima.

"Mama, kama namba ni mzuri, mbona zinakufa?"

Nyuma yao Gakuru alikohoa. Nakhumicha alihisi neno limefika kooni. Alifikiria Kimilili na karo ya muhula, akafikiria barua nzuri iliyokuwa bado haijapigwa mhuri. Akamwaga kile kikombe chini, akakifuta kwa upindo wa leso yake, akamkabidhi msichana.

"Usionje," alisema.

Apondi hakuelewa. Aliitikia kwa kichwa tu kama mwanafunzi mzuri, akageuza daftari, akaandika moja nukta nane kwa mwandiko safi, na chini ya sahihi ya Nakhumicha akaweka yake.