Maji ya Tumboni mwa Mashua

Jumamosi ya kwanza ya Februari mwaka 1965, saa mbili asubuhi, Faraj alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua yake nyuma ya soko la samaki, Mji wa Kale, Mombasa, akikata mpira wa gurudumu la baiskeli kwa kisu. Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umekakamaa, na Faraj hakuwa mtu wa kusubiri kitu kivuje ndipo akitengeneze.

Mashua ilikuwa ndogo, urefu wa hatua sita. Vyombo vingine viliwekwa mawe au mchanga chini ili visipinduke. Hii iliwekwa maji. Chini ya sakafu palikuwa na tangi refu la mbao lililopakwa lami. Ukiisukuma mashua mpaka bahari ikufike kiunoni, unafungua kizibo cha chini, maji yanaingia yenyewe, na hewa inatoka kwa kitundu cha juu ikipiga mluzi. Mluzi ukikatika na maji yakachungulia kitunduni, unafunga kote kuwili. Ni lazima tangi lijae pomoni. Likiwa nusu ni hatari kuliko likiwa tupu, maana maji hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Ukirudi unaipandisha mashua juu ya kigari, unafungua kizibo, maji yanamwagika, na watu wawili wanatosha kuivuta. Mwisho unalisuuza tangi kwa ndoo mbili za maji ya bomba, kwa sababu chumvi hula misumari.

Aliyeijenga alikuwa mhandisi wa Kizungu wa bandarini. Faraj alimtunzia kwa miaka sita. Mzungu alipokwenda kwao alimwachia mashua pamoja na karatasi mbili za maelekezo, ambayo mengi aliyajua kwa Faraj mwenyewe. Faraj hakulitaja hilo. Alimshukuru kwa moyo wote, akamfungia haluwa ya safari.

Siku hiyo alijaza tangi, akatoka mpaka mkabala wa Nyali, akabisha mara nne, akigeuza tanga huku na huku dhidi ya upepo wa kaskazi, kuujaribu mpira mpya, akarudi kabla ya adhuhuri. Chirau, mchukuzi wa sokoni, alimsaidia kuipandisha mashua. Kizibo kilipofunguliwa Chirau aliweka miguu yake chini ya maji ili aoshe matope, kisha akalamba kidole na kusema kwamba maji hayana chumvi. Faraj alionja. Yalikuwa matamu, na ndani yake yalikuja majani membamba ya mkwaju. Alifurahi kwamba hatahitaji ndoo mbili za kusuuzia. Kwa kuwa bomba la mtaani lilikuwa limekauka tangu jana, alikinga sufuria moja akampelekea mama yake.

Mama yake, Bi Swabaha, aliyapikia chai. Alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Maji haya nayajua," alisema. "Ni ya kisimani kwetu, Mbaraki."

Faraj alimwambia ameyateka baharini, mbele ya soko. Mama yake alisema hajamuuliza ameyateka wapi.

Kisima cha Mbaraki kilichimbwa na babu yake Bi Swabaha, chini ya mkwaju, naye akakiweka wakfu kwa kila mwenye kiu. Mwaka 1957 kampuni moja ilikitaka kiwanja kile ijenge ghala la kahawa. Mpimaji wa ardhi akaandika kwamba maji ya kisima ni ya chumvi, hayamfai mtu. Bi Swabaha alisimama mbele ya maofisa watatu, akaapa kwamba maji ni matamu na kwamba ameyanywa asubuhi ile ile. Waliandika katika faili, kwa mstari mmoja, kuwa ushahidi wa bibi huyu si wa kweli. Kisima kikafukiwa kwa kifusi, mkwaju ukakatwa, ghala likasimama.

Majirani hawakumcheka. Ila tangu siku ile Bi Swabaha aliacha kuthibitisha jambo lolote. Ukimuuliza kama mvua inanyesha, atakwambia utoke uangalie. Ukimuuliza kama wali umekolea chumvi, atakwambia uonje mwenyewe. Miaka minane Faraj alionja mwenyewe, na kila alipoonja lilimuuma.

Jumamosi ya pili Faraj alijaza tangi karibu na Likoni, mbali kabisa na soko, na maji yakatoka yale yale. Ya tatu alikwenda kulijazia nje kabisa, karibu na mwamba. Yakatoka yale yale, na safari hii kilianguka kizibuni kipuli cha fedha ambacho Bi Swabaha alikidondosha kisimani akiwa na miaka tisa. Kipuli cha pili alikuwa amekihifadhi kwenye kasha zaidi ya nusu karne. Alivivaa vyote viwili, akamsamehe marehemu mama yake kile kipigo alichompa kwa kukipoteza.

Habari zikaenea. Watu wakawa wanakuja na birika, ndoo na mitungi, wanapanga foleni kwenye mteremko wa saruji, wengine wakimlaumu Faraj kwa kuchelewa baharini. Palitokea mjadala mmoja tu, kama maji yaliyopanda mashua yanafaa kwa udhu. Wakamwita Maalim Taib. Aliuliza rangi, akaambiwa hayana. Akauliza harufu, akanusa mwenyewe. Akaonja. Akasema yanafaa, na kwamba kwa kuwa ni ya wakfu, hayauzwi wala hanyimwi mtu. Kisha akatoa birika lake chini ya joho.

Bi Swabaha alishukuru kwa kila ndoo. Alikaa juu ya mkeka kando ya kigari, buibui lake limekunjwa mapajani, akiwaangalia watu wakinywa kisima cha babu yake. Lakini jambo moja lilikuwa bado linamkaa kooni, na alimwambia Faraj waziwazi.

"Sitaki ghala livunjwe, mwanangu. Nataka ule mstari ufutwe. Nisife na jina la urongo."

Basi Faraj alitia maji kwenye chupa, akaenda katika ofisi inayoshika mafaili ya viwanja. Wazungu wa pale walikuwa wameondoka. Aliyekalia kiti alikuwa kijana wa bara, Bwana Dishon, mwenye adabu na tai ya buluu. Alilitafuta faili mwenyewe, akausoma ule mstari, akaonekana kuona haya. Alisema maji ya chupa yanaweza kuwa yametoka popote, na hapo alikuwa na haki. Akaahidi kuja kuona kwa macho yake, na Jumamosi akaja kweli.

Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mashuani. Faraj alifungua kizibo mbele yake. Bwana Dishon alichovya kidole katika maji yaliyokuwa yakiingia, akalamba, akatema chumvi. Mluzi ulipokatika Faraj alifunga kote kuwili, akapandisha tanga, wakatoka. Walipoupita ukuta wa Ngome upepo uliwapata mzima mzima. Mashua ililala upande, maji yakapanda karibu na ukingo, na Bwana Dishon akaushika mlingoti kwa mikono miwili. Faraj alimwambia ahamie upande wa juu na asiwe na wasiwasi.

"Itainama mpaka hapa," alisema, "kisha itakataa. Uzito wake u chini."

Ikainama mpaka hapo, ikakataa. Wakabisha mara mbili, wakageuza, wakarudi na upepo nyuma yao, na Bwana Dishon akauachia mlingoti, akauliza jinsi ya kushika usukani. Faraj akampa. Aliushika vizuri kwa mtu wa mara ya kwanza, na Faraj alianza kumpenda.

Bi Swabaha alikuwa anangoja na sinia la bilauri mbili. Mashua ikapandishwa, kizibo kikafunguliwa, maji yakatoka. Bwana Dishon alikunywa bilauri ya kwanza kwa mkupuo mmoja. Akaomba ya pili. Akalitoa mdomoni jani la mkwaju, akaliweka kwa uangalifu ukingoni mwa sinia, akasema tangu aje Mombasa hajanywa maji mazuri kama haya.

"Basi andika," alisema Bi Swabaha.

Bwana Dishon alitoa kalamu, akalifungua juu ya goti lake lile faili alilokuja nalo.

"Mama, mimi nimeyanywa," alisema. "Lakini nikiandika kwamba kisima kina maji matamu, nitaulizwa kisima kiko wapi."

"Kiko chini ya ghala."

"Kwenye ramani, mama, chini ya ghala hapana kitu."

Akaandika kwamba amekwenda, ameangalia, na hakuona kisima. Aliwasomea alichokiandika ili wasidhani anawaficha. Mstari wa mwaka 1957 ulibaki mahali pake, juu kidogo ya mkono wake. Akaomba radhi, na aliiomba kwa dhati. Faraj alikasirika, akakiacha kizibo bila kukifunga. Mama yake alimjazia Bwana Dishon ile chupa aende nayo.

Jumamosi iliyofuata, foleni ilipokuwa inaisha, lilikuja gari la serikali. Akashuka dereva, Kavumbi, mtu mzima kutoka Rabai, amebeba debe lililopakwa herufi za ofisi kwa rangi nyeupe. Akawaamkia, akasema ametumwa na Bwana Dishon. Ofisi nzima ilikuwa imeonja ile chupa, na sasa hakuna anayetaka ya bomba.

Faraj aliweka mkono juu ya kizibo. Alisema kwamba mashua ni yake, na hao wenye faili wakanywe wino wao.

"Toa mkono," mama yake alimwambia. "Babu aliandika kila mwenye kiu. Hakuandika kwamba wa ofisini anyimwe."

Faraj akatoa mkono. Debe likajaa taratibu, na majani mawili ya mkwaju yakazunguka juu yake. Kavumbi alilifunika, kisha akasita, akasema samahani, ameambiwa asirudi bila kuuliza. Wakubwa wanataka kujua kama haya ni ya kisima cha Mbaraki hasa, si mengine.

Chirau aliangalia chini. Faraj alimwangalia mama yake, akijua atamwambia mtu huyu aonje mwenyewe.

Bi Swabaha alisimama juu ya mkeka, vipuli vikimning'inia masikioni.

"Wallahi," alisema, "ni ya Mbaraki. Waambie nimeapa."

Kavumbi alimwamini. Hakuonja. Alisema ahsante mama, akalitia debe garini, akalipeleka ofisini, ambako liliwekwa juu ya kabati la mafaili kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Lilirudi tupu Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mwaka mzima. Faili halikufunguliwa tena.

Siku ile ya kwanza ya debe Faraj aliacha kifuniko wazi ili tangi likauke, akakunja tanga, akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa amepakua. Kwa mazoea tu, kabla hajanawa, alimuuliza kama wali umekolea chumvi.

"Umekolea," alisema Bi Swabaha, akamsogezea sahani.