Sketi ya Ultan

Katika vijiji vya Konamara mtoto wa kiume alivalishwa sketi mpaka afike miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemcheka, maana kila mtu alijua sababu. Wale Wema, majini wanaoishi chini ya kilima, huiba wavulana na kuacha kiumbe chao chenye sura ile ile mahali pao. Msichana humpita tu. Waliitwa Wema kwa woga. Wema wenyewe hawakuwa nao hata chembe.

Gobnait alikuwa amezika wavulana wawili. Wote walilala wazima wakaamka wamesinyaa, na siku ya tatu wakafa. Kwa hiyo huyu wa tatu, Ultan, hakutaka kubahatisha naye. Alimshonea sketi nyekundu ya sufu, akamwachia nywele zikue mpaka mabegani, na nje ya nyumba akamwita Mella. Akamfundisha jibu la kumpa mgeni yeyote. Mara nyingine alimtega mwenyewe: "Haya, niambie jina lako la kweli, mama anakuruhusu." Akilitaja, anachapwa. Kisha Gobnait hujifungia zizini akalia peke yake. Majirani walimwona mama katili. Na wamwone tu, alisema moyoni, ilimradi mtoto yupo.

Mumewe, Conall, hakuacha kunung'unika. "Utamharibu kijana wangu wewe. Juzi nimemkuta anamsuka mbuzi."

"Bora amsuke mbuzi huku namwona."

Ultan alipokuwa na miaka saba, mchana mmoja mweupe, Conall akiwa bondeni anakata mboji ya kuwashia moto, mama na mtoto walikuwa nyuma ya nyumba wanachimba viazi. Mwanamke akaja kwa njia ya kilimani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia yote ni tope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Wala hakusema "Mungu aibariki kazi," kama asemavyo kila mtu anapowakuta wenzake shambani. Gobnait akajua ni mmoja wa Wema, akamvuta mtoto karibu naye.

"Una binti mzuri, mama," mgeni alisema. "Malkia wetu amejifungua. Tunatafuta msichana wa kumbembeleza mtoto."

"Si mnao watu wengi huko kwenu?"

"Wavulana tunao tele. Wawili wako wamo, hawajambo. Lakini mvulana na kulea wapi na wapi? Halafu nikipita vijijini kwenu siku hizi naona wasichana watupu. Nikasema, basi neema imetushukia."

Gobnait alilitupa jembe. "Huyu si msichana! Ni wa kiume, naapa kwa jina la Mungu!"

Yule mwanamke akacheka, wala si kwa ubaya. "Jamani! Miaka yote mnatuambia ni wasichana, leo ni wa kiume. Hebu amueni." Kisha akapiga magoti kwenye tope, na tope halikumshika. "Neno la mzazi hatulipokei, mama. Aseme mtoto mwenyewe. Akiniambia yeye ni mvulana, nitarudi nilikotoka mikono mitupu. Safari hii sikutumwa mvulana."

Basi ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu, na mtoto angekuwa kwao mezani jioni hiyo.

"Sema!" Gobnait alimshika mabega. "Jina lako la kweli, baba, lile la ndani ya nyumba. Mama anakuruhusu!"

Ultan alimtazama. Aliyasikia maneno yale yale aliyoyasikia mara nyingi, na alijua yanaishia wapi.

"Sikuchapi! Wallahi leo sikuchapi, mwanangu, sema!"

Hata hilo aliwahi kuambiwa. Mtoto akajinyoosha, akaweka mikono nyuma, akajibu kwa sauti safi, bila kutetemeka. "Mimi ni msichana. Naitwa Mella."

"Ahsante, binti," alisema yule mwanamke, akamshika mkono.

Gobnait alitaka kuruka, akakuta mwili haumsikii. Alitaka kupiga kelele, ulimi ukalala kinywani. Machozi tu ndiyo yaliyomtoka. Aliwaona wakipanda njia ya kilimani, na kwenye miti ya miiba mtoto akageuka, uso umejaa furaha.

"Mama! Nimesema vizuri?"

Viungo vilipomrudia, palikuwa na mtoto ameketi katikati ya viazi. Sura ile ile, sketi ile ile. Alikuwa anatafuna kiazi kibichi pamoja na udongo wake.

Conall aliporudi na kusimuliwa, aliufuata moto moja kwa moja, akatia koleo la chuma ndani. "Nitalichoma likimbie kwao. Litamrudisha lenyewe."

"Huligusi," Gobnait alisema, akasimama mbele yake. "Unajua wewe. Unavyomtenda huyu hapa, ndivyo wanavyomtenda wetu kule."

Conall alijua. Aliketi chini kwenye sakafu ya udongo, akafunika uso.

Gobnait akachemsha viazi, akatoa kimoja kikubwa kuliko vyote, akakimenya, akakiweka mbele ya kile kiumbe pamoja na mtindi. Kikala, kikataka tena. Akakipa sehemu yake, kisha ya mumewe. Halafu akakipakata, ngozi yake ni baridi mpaka akasisimka mwili mzima, akachukua kitana na kuanza kukichana nywele, polepole, akiogopa kuvuta hata unywele mmoja.