Kinanda Juu ya Meza ya Pasi

Fundi wa miwani hakuwa mtu wa kudharau watu ovyo. Dharau yake yote alimwekea mtu mmoja: mume wa dada yake, aliyejiita Prodyuza.

Prodyuza alikuwa na chumba kizima cha mitambo: spika ndefu kama makabati na vinanda vitatu vya bei mbaya. Wimbo, hata nusu hakuwa nao. Kwa miaka sita alikuwa "anaweka sawa sauti ya chumba". Ukimuuliza kazi iko wapi, anakohoa, anagusa swichi, anakwambia kuna waya mmoja bado haujafika.

Mwaka huo kikundi cha maigizo kilimwomba muziki wa mchezo wao mpya, akakubali kwa kishindo. Zilipobaki wiki tatu, mwongozaji, mama mmoja asiyecheka hovyo, alikuwa hajasikia hata noti. Dada mtu, kwa aibu, akamnong'oneza, "Jaribu kwa mdogo wangu."

Mdogo wake, yule fundi wa miwani, alikuwa na kinanda cha plastiki cha kujifunzia nyumbani, kakiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Kibonye kimoja kilikuwa kimekufa, basi akatunga kwa kuikwepa noti hiyo. Kinanda kilihifadhi sauti tano tu. Akazirekodi moja moja, kila jioni akitoka kusaga vioo. Fidla yake ya bandia, ya humo humo kinandani, ililia kama mbu. Hakuificha. Alimpa mjane wa kwenye mchezo, alie nayo peke yake, bila ngoma wala filimbi.

Mwongozaji alisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani. "Rudia," alisema. Muziki uliporudiwa, akakaa.

Habari zilipomfikia Prodyuza, alikuja mbio.

"Hongera, shemeji. Ila tuseme ukweli, hicho ni kidude cha watoto. Nipe huo muziki niupitishe kwenye mitambo yangu, upate uzito."

"Miaka sita umeutafuta uzito hujaupata, shemeji. Wa kunigawia mimi utautoa wapi?"

Dada mtu alijifanya anatafuta kitu kabatini, mabega yakimtetemeka.

Siku ya onyesho, alasiri, ukumbi ulijaa. Mjane alipolia na ile fidla ya mbu, watu waliacha hata kukohoa. Mwishoni wakapiga makofi, na nani anainuka safu ya mbele, mkono kifuani, akiinama? Prodyuza! "Tulihangaika sana na huu muziki," aliwaambia waliomzunguka.

Fundi wa miwani alikuwa kando ya jukwaa, nyuma ya kinanda, nacho kiko juu ya meza ile ile ya pasi. Kwanza alihisi damu inampanda. Kisha akamtazama vizuri, lile koti, ile shingo ya kujidai, na hasira ikageuka kinyaa.

"Karibu, shemeji," aliita. "Watu wanataka kusikia tena pale pa mjane."

Ukumbi ukageuka. Prodyuza alikisogelea kinanda, akanyoosha vidole, akavirudisha. "Vibonye vyembamba mno kwa mikono yangu," alisema. Mtu mmoja akacheka, halafu safu nzima.

Prodyuza akampisha mwenye kinanda, akaenda zake kungoja kwenye gari. Fundi wa miwani akapiga sehemu ile yote, taratibu, bila kumwangalia anayetoka.

Wakikusanya nyaya, dada yake akauliza, "Utamsamehe?"

"Nimsamehe nini? Huyo hajawahi kufanya kitu. Nishikie hapa, dada, hii miguu ya meza inateleza."