Mkono wa Mwongera

"Kaza," alisema Karwirwa, na kamba ya mgomba ikakatika tena mkononi mwa mumewe.

Mwongera aliutazama mkono wake wa kulia kama kibarua mvivu. Kiharusi kilimwangusha wakati wa mvua, chini ya miti ya miraa aliyoachiwa na baba yake. Huko mjini Meru, picha ya ubongo haikuonyesha mshipa ulioziba. Daktari alieleza kwamba huenda donge la damu lilikuwa limeyeyuka lenyewe kabla ya picha. Udhaifu ulikuwa wa kweli, na tumaini la kupona lilikuwa kubwa, mradi afanye mazoezi.

Mutembei, mdogo wake, alisikia yote. Kwa wazee alipeleka nusu.

"Mishipa ni mizima. Daktari hakusema neno jingine. Huu si ugonjwa, ni kiapo. Aliapa uongo juu ya mpaka wa shamba, na sasa umekufa mkono ule ule aliouinua."

Wazee waliogopa. Aliyeshikwa na kiapo hagusi miti ya ukoo. Mutembei akakabidhiwa miraa mpaka mkono wa kaka yake utakapoweza kufunga kibunda cha miraa.

Ndipo Mwongera akaanza kufunga nyasi, asubuhi na jioni.

"Hii ni shingo ya Mutembei," alinong'ona kila alipokaza.

"Migomba itatuishia kabla ya hasira yako, Baba Kiambi," mkewe alimtania.

"Nitakununulia mingine. Lete kamba."

Siku ya mavuno alifika shambani akichechemea. Mbele ya wazee alichukua vijiti vya miraa kwenye gunia la mdogo wake, akalinganisha ncha, akazungusha kamba, akaing'ata, akavuta. Vidole vilitetemeka, lakini havikuiachia kamba. Mzee Bundi alikipokea kibunda, akakivuta huku na huku.

"Kimekaza. Miti ni yako, Mwongera."

Mutembei alicheka kwa sauti. "Mungu ni mwema! Basi, kaka, yamekwisha."

"Hayajaisha. Uliwaambia wazee kwamba daktari hakusema neno jingine. Inua mkono, uape hivyo."

Kicheko kilikatika.

"Kaka, sisi ni wa tumbo moja."

"Hata siku ile tulikuwa wa tumbo moja. Inua."

Mzee Bundi alikiweka kibunda nyasini, akamgeukia Mutembei, akangoja. Jua lilikuwa kali, na wavunaji walikuwa wameshuka mitini. Mutembei alikuwa amevaa koti zito. Mkono wake wa kulia haukuinuka; ulibaki mfukoni, na kitambaa cha mfuko kilikuwa kikitikisika.