Chumba Kisicho na Mtu

Kazi ya ufundi wa mitambo ya hewa nilitafutiwa na shangazi yangu, dada yake baba. Yeye alitunza mafaili ghorofa ya pili ya jengo lile lile. Meza yake ilikuwa nyuma ya safu tatu za rafu, na alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Mwaka ule tuliagizwa kupunguza umeme. Feni kubwa za juu zilisukuma hewa kutwa nzima hata kwenye vyumba vitupu. Nikafunga kila chumba kidude cha kuhisi mwendo: mtu akiwemo feni inazunguka, akitoka inazimika. Kwa shangazi nilikifunga juu ya mlango kwa sababu waya ulikuwa karibu. Rafu sikuzifikiria.

Feni ikawa inamzimikia kila baada ya dakika kumi. Anainuka, anakwenda mlangoni kukipungia mkono kile kidude kama anayeaga wasafiri. Wenzake wakamcheka. Aliponiambia, nilimjibu nitakihamisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Mwishowe aliacha kupunga, akawa anajipepea kwa jalada.

Baada ya miezi mitatu niliandika ripoti, kifua mbele: umeme umepungua kwa robo. Vidude vilihesabu pia muda ambao kila chumba kina mtu. Chumba cha mafaili, saa moja kwa siku. Namba hiyo niliinakili bila kuifikiria.

Ikaja barua kwamba chumba kinafungwa na nafasi ya mtunzaji inaondolewa. Nikamkimbilia meneja, nikamweleza kuwa kosa ni langu, kidude hakikumwona. Alinisikiliza vizuri tu. Akasema ripoti imeshapita juu na saini ni yangu. Nikiikana namba hii, zile nyingine zitaaminiwaje? Nikatoka ofisini kwake.

Nilimkuta shangazi akifunga mafaili kwa kamba. Nikamweleza yote.

"Kumbe nimekufa siku nyingi, mwanangu," alisema. "Mmechelewa tu kunizika."

Akacheka peke yake. Kisha akaniomba nimshikie kamba akaze fundo.

Alikaa nyumbani mwaka mmoja na kidogo, presha ikamchukua. Tumemzika mwezi uliopita. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, ningepata pa kuanzia kumwomba radhi.