Mistari Miwili ya Kambo Virginie

Sauti ilifika kabla ya uso. Skrini ilikuwa bado nyeusi, na mwanamke nisiyemwona alikuwa akisoma kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini:

"Alivuka Lualaba, maji yakasimama kumwamkia. Alipofika ng'ambo, unyayo wake ukabaki juu ya maji."

Halafu picha ikaja. Madame Régine, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, alikuwa na nywele fupi za mvi. Kando yake alikaa Bwana Pierre, mwalimu wa fasihi, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Nyuma yao vitabu vilipanda mpaka darini.

"Bwana Kabange," alisema Madame Régine, "mistari hii imetuhangaisha."

"Mimi nimeisoma kila asubuhi wiki hii," alisema Pierre. "Karne ya kumi na saba! Na mpaka leo hakuna aliyeiandika."

Nikasema asante. Jasho lilinitiririka mgongoni ndani ya koti la kuazima. Mistari ile haikuwa ya karne ya kumi na saba. Niliitunga mimi, Fils Kabange, mwezi wa tatu mwaka huu, chumbani kwangu Katuba, nikihesabu silabi kwa vidole.

Hakuna aliyenifundisha kutunga. Pale Kasapa, chuoni, nilisoma historia. Ushairi niliupigania peke yangu. Nilipeleka mashairi yangu kwenye magazeti mawili na redio moja, na hakuna aliyenijibu hata kunitukana. Sasa wasomi wawili wa ng'ambo walikuwa wananisifu mbele ya macho yangu, na sikuweza kusema ni mimi. Sijui kama mtu mwingine amewahi kushiba na kukabwa na tonge lile lile.

Ufadhili wenyewe ulikuwa wa miaka minne ya udaktari, kusoma historia na fasihi ya karne ya kumi na sita hadi ya kumi na nane. Walichukua mtu mmoja tu kutoka Afrika ya kati, na asiwe amefika miaka thelathini. Mimi nilikuwa natimiza thelathini mwezi wa kumi na moja. Mradi wangu ulikuwa kuweka kasala ya ukoo wetu, yaani utenzi wa sifa unaokaririwa kwa Kiluba, kando ya tenzi ambazo washairi wa Ulaya waliwaandikia wafalme wao zama zile zile. Nilitaka waone kwamba walipokuwa wanasifu kwa wino, sisi tulikuwa tunasifu kwa kinywa, na kinywa hakikuwa nyuma. Kasala hiyo niliiandika kwa mkono kutoka kwa kambo yangu Virginie, mama wa baba yangu. Yote ni yake, isipokuwa ile mistari miwili.

"Kimebaki kitu kimoja," alisema Madame Régine. "Hukutuma sauti. Tunaomba rekodi ya bibi yako akikariri sehemu hii ya unyayo. Kesho saa nne asubuhi tuzungumze tena. Saa sita tunafunga orodha." Akasita, akatabasamu. "Sipaswi kukuambia, lakini jina lako liko juu."

Skrini ikazima. Ngalula, mwenye chumba cha fotokopi na intaneti nilimokuwa nimekaa, mkabala na lango la chuo, alikuwa amesikia yote akijifanya anapanga karatasi.

"Hongera, poète! Jina iko juu, na uso iko chini. Balikufa bantu?"

"Niache, Ngalula."

"Nikuache namna gani? Jenereta yangu inakunywa mafuta juu ya wafalme yenu. Nyinyi Baluba ya Katanga, kazi ni kusifu wafalme tu."

"Na nyinyi ya Kasai, kazi ni kufungua maduka mbele ya mlango wa bantu."

Alicheka. Mimi nilikuwa tayari nje, nasimamisha pikipiki.

Kambo Virginie anakaa Kasungami, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mume wake, fundi wa reli aliyemleta mjini kutoka Kabongo. Nilimkuta anachambua mboga ya lengalenga uani. Aliniangalia koti, akaniangalia viatu.

"Papa," akaniita kama anavyoniita siku zote, "ulienda kuoa?"

"Nilienda kuulizwa maswali, Kambo. Banataka sauti yako."

"Sauti yangu? Iko na meno tatu tu ndani." Lakini alifurahi. Alinawa mikono, akafunga kitambaa upya kichwani, akakaa wima. Nikaweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikabonyeza.

Akaanza. Nisingependa kuandika hapa jinsi anavyokariri, kwa sababu mtu anayekariri hivyo haandikiki. Alipita mababu wanne, akafika Lualaba, na pale, kama siku zote, akanyamaza. Akapiga paja kwa kiganja. Mara moja. Mara mbili. Halafu akaendelea na babu mwingine.

Nikazima simu.

"Kambo, pale. Pale unasahau."

"Pale wapi?"

"Pale unapiga paja. Maneno yake ni haya." Nikamkariria mistari yangu miwili kwa Kiluba, maana kwa Kiluba ndipo ilipozaliwa. Alifumba macho. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Iko muzuri," alisema.

Moyo wangu uliruka, mjinga ule.

"Iko muzuri sana. Ni ya nani?"

"Ya ukoo."

"Ukoo haina kinywa, Fils. Nani alisema?"

Kuku alipita kati yetu akidonoa majani.

"Kwetu," alisema taratibu, "mwenye kuongeza kwenye kasala anataja jina yake palepale. Mimi Virginie niliongeza juu ya baba yako, na nilijitaja. Kusudi uongo ikionekana, bajue mulango ya kugonga. Hii yako, mwenyewe iko wapi?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Bazee hawaachake unyayo juu ya maji. Balikuwa bantu ya matope." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Na pale sikusahau. Kambo yangu mimi aligongaka pale mara mbili. Na kambo ya yeye pia. Palikuwa jina ya muntu, na bantu yake bote balikufa kwa vita. Hakubaki hata moja wa kutoa ruhusa tumuite. Basi tunagonga, ajue hatukumupita bure."

Nilikaa chini, koti la watu na vumbi lote. Miaka miwili nilikuwa nimemwandika, na kila mara alipopiga paja niliacha nafasi tupu kwenye daftari na kuandika pembeni, kwa Kifaransa: *amesahau*. Sikumuuliza hata siku moja. Nilimwonea aibu. Niliogopa wasomi waseme bibi wa huyu kijana ana shimo kichwani, nikalifunika shimo kwa maneno mazuri. Kumbe nilikuwa natupa takataka juu ya kaburi.

"Banataka kesho?" aliuliza.

"Kesho saa nne. Niko wa kwanza, Kambo. Na mwaka kesho nitakuwa nimepita umri."

Aliokota jani la lengalenga, akaliangalia pande zote mbili.

"Basi washa simu," alisema. "Nitasema ile yako. Mimi niko muzee, nani atanifunga? Lakini uniambie kwanza: nikifika kule, yule muntu akiniuliza, nimujibu nini?"

Niliwasha simu. Naandika hili bila kujitetea: niliwasha. Akaanza upya, mababu wanne wote, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko mara ya kwanza kwa sababu sasa alikuwa ananiimbia mimi. Akafika Lualaba. Nikamwona anavuta pumzi. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe kutoka pajani, kwa mazoea ya miaka sitini, na yeye akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaushikilia chini, kusudi usigonge.

"Alivuka—"

Nikazima.

"Wacha, Kambo."

"Nilikuwa nasema muzuri."

"Muzuri sana. Wacha."

Usiku ule nilibaki kwake, na sikulala vizuri. Asubuhi nilipomwambia nakwenda, alikuwa tayari amevaa kitenge cha misa. "Unaenda kunitaja mbele ya bantu, na mimi nibaki na majani?" Basi tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, na saa nne kasoro tano Ngalula alikuwa anamtafutia kiti.

"Karibu, Mama. Huyu mujukuu wako jana alitoka hapa sawa mwizi."

"Ndiyo vile," alisema Kambo. "Leo amekuya kurudisha."

Uso wa Madame Régine ukatokea. Sikumngoja aseme habari za asubuhi.

"Madame, mistari miwili ya unyayo si ya kale. Niliitunga mimi. Bibi yangu hakuisema kamwe."

Pierre alishusha miwani yake puani. "Uliitunga wewe?"

"Mimi."

"Yote miwili?"

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilisikia kiburi kikinyanyua kichwa. "Yote miwili."

Nikaeleza kugonga. Nikamsogeza Kambo mbele ya kamera. Haelewi Kifaransa, lakini alielewa kwamba zamu ni yake. Akakariri, na alipofika Lualaba hakupiga paja. Alipiga meza ya Ngalula, mara mbili, mpaka trei ya karatasi ikaruka. Kule ng'ambo Madame Régine alishtuka. Hakuandika kitu.

Kisha wakazima kipaza sauti chao. Tuliwaona midomo tu. Pierre alikuwa akipiga kidole mezani na kutikisa kichwa. Madame Régine alikuwa akifungua karatasi na kuifunga.

"Mbona banatafuna bila sauti?" Kambo aliuliza.

"Banajadili mimi."

"Ule mwenye miwani hakupendi."

"Jana alinipenda."

Jenereta ilikohoa, na Ngalula akakimbia nje kuitazama. Nilihesabu silabi za kitu chochote: za bango ukutani, za jina la mashine ya fotokopi. Dakika saba. Sauti ikarudi.

"Bwana Kabange," alisema Madame Régine, na hakutabasamu. "Kwa kanuni zetu, maandishi ya kutunga yakiletwa kama ya kale, dosie nzima ya mwombaji inaondolewa. Bwana Pierre alitaka hivyo, na ana haki. Tumekubaliana uingie orodha ya akiba. Mwingine amechukua nafasi yako. Asipothibitisha kufikia tarehe thelathini, tutakuita. Akithibitisha, ndiyo mwisho."

"Ndiyo, Madame."

"Na leo hii nataka maandishi yaliyosahihishwa. Pale bibi yako anapogonga, andika kwamba anagonga. Mistari ile iondoe."

Iondoe. Nilisikia kama jino zima limeng'olewa. Nikasema ndiyo, na skrini ikawa nyeusi.

"Banasema nini?" Kambo aliuliza.

"Banasema tungoje. Labda banikamate nikasome, labda hapana. Siku kumi na tisa."

"Na wewe uko moto namna hii, utangojaka kweli?" Alinishika mkono, akaulaza kiganja chini juu ya meza. "Sikia. Hizi siku kumi na tisa utakuya Kasungami kila asubuhi. Nitakufundisha kwa kinywa, hapana kwa daftari, toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini nakujua. Ukifika pale, mdomo itakuwasha. Utasema nini?"

Ngalula alikuwa amesimama mlangoni, mikono myeusi kwa mafuta, anatusikiliza. Nikasema kwa sauti, na yeye asikie:

"Kambo, banikamate, baniache, nikifika pale nitagonga mara mbili, na sitatia neno."